Siku Thelathini na Saba za Kufagia

Saa moja na nusu asubuhi Mama Ratiba alifungua kontena la bluu lililokuwa ofisi yake, akatundika mkoba kwenye msumari, akavaa kofia ngumu aliyoikuta mezani imeshafutwa vumbi. Kofia ile ilifutwa kila asubuhi tangu siku yake ya kwanza kwenye saiti, na hakuna aliyewahi kusema anaifuta nani. Yeye alijua. Mzee Timazi, msimamizi wa mafundi, alikuwa na kitambaa cha kijani mfukoni ambacho hakikuwa na kazi nyingine.

Mama Ratiba aliitwa hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kujua kila jambo litafanyika lini, na lisipofanyika, kueleza kwa nini. Mzee Timazi jina lake lilitokana na ile kamba yenye chuma kizito nchani, ambayo mafundi huining'iniza ili kuona kama ukuta umesimama wima. Yeye kamba alikuwa nayo lakini hakuitumia sana. Alifumba jicho moja tu, na ukuta ukaona haya.

Walikuwa wanajenga wodi ya wazazi ya ghorofa moja. Nguzo zilikuwa zimesimama na mbao za kupokea zege zimepangwa, lakini slabu yenyewe, ile sakafu ya zege ya juu, haikuwa imemwagwa. Ilichelewa kwa siku thelathini na saba. Ng'ambo ya ukuta, katika jengo la zamani, akina mama walijifungua wawili kitanda kimoja, na aliyetangulia kupata mtoto alimpisha mwenzake upande wa ukutani.

Jumatatu hiyo Meneja wa mradi alimwita Mama Ratiba ghorofa ya juu ya jengo la utawala. Alimvutia kiti mwenyewe.

"Goti linaendeleaje?"

"Linanisikiliza siku hizi, mheshimiwa."

"Vizuri. Ijumaa kamati inakaa. Wanataka ripoti ya ucheleweshaji, na wanataka jina."

"Jina la nani?"

"La aliyechelewesha. Mwulize huyo msaidizi wako wa kwenye kompyuta. Yeye hana ndugu hapa."

Msaidizi ilikuwa programu ya akili mnemba iliyoletwa mwaka ule ili kupanga ratiba. Mtu aliipa orodha ya kazi, nayo ikaonyesha kazi ipi inaizuia ipi, na siku ikipotea, ilipotelea wapi. Iliandika kwa adabu, na mafundi walipenda kuitumia salamu. Mama Ratiba aliipa kurasa zote za daftari la saiti, lile ambalo msimamizi wa mafundi hulijaza kila jioni kwa penseli. Kabla chai haijapoa, jibu lilikuwa tayari. Katika siku zote thelathini na saba, mafundi kumi na wawili walikuwapo, vifaa vilikuwapo, mvua ilinyesha siku moja tu, na kazi iliyofanyika iliandikwa kuwa ni kufagia. Zege halikumwagwa. Kwa kumbukumbu zilizopo, ucheleweshaji ulitoka kwa kikosi cha mafundi.

Utaratibu wa ofisi ulikuwa kwamba rasimu hufika kwa Meneja kabla ya saa sita. Mama Ratiba alisoma jedwali, akaona hesabu ya siku imekaa sawa, akaituma. Maelezo yaliyokuwa chini ya jedwali aliyasoma baada ya chakula cha mchana, miwani ikiwa safi. Hapo ndipo alipoona kwamba lawama yote imewekwa kwa mafundi.

Alimkuta Mzee Timazi nyuma ya rundo la kokoto, anamfundisha fundi mmoja kukunja nondo bila kuumiza kiganja.

"Mzee, siku hizi mlizofagia. Mlifagia nini?"

"Saiti."

"Siku thelathini na saba?"

"Vumbi haliishi, mama. Ukilifuata unakwisha wewe."

Fundi alicheka. Mama Ratiba hakucheka.

"Mlikuwa mnasubiri mchoro wa nondo usainiwe."

Mzee Timazi alimtuma yule fundi akachukue maji, ingawa ndoo ya maji ilikuwa palepale. Alipoondoka, mzee alisema, "Miaka thelathini na minne nashika daftari. Sijawahi kuandika kwamba watu wangu wamekaa. Fundi akiandikwa leo amekaa, kesho anaandikwa mvivu, kesho kutwa haandikwi kabisa. Kwa hiyo kazi ikikosekana tunafagia. Na nikiandika tumefagia, tumefagia kweli. Sijaandika uongo."

"Najua hujaandika uongo."

"Basi tatizo liko wapi?"

Akamwambia. Ripoti ikipita, kikosi chake kingeondolewa, na majina kumi na mawili yangeingia kwenye orodha ya wasiotegemeka, ambayo husomwa na kila saiti kabla ya kumpokea mtu. Mzee Timazi alisikiliza huku akifumba jicho moja, kana kwamba anaipima habari yenyewe kama imesimama wima.

"Aliyetuma hiyo ripoti ni nani?" aliuliza.

"Mimi."

Mzee akamsogezea kile kigoda alichokuwa amekikalia. "Kaa kwanza. Goti hilo halipendi kusimama juu ya kokoto."

Mama Ratiba alirudi kontena akaandika kila alichoambiwa. Msaidizi ilijibu: "Nilikosea. Nilihesabu kufagia kuwa kazi iliyochaguliwa badala ya kumwaga zege. Sikujua kwamba mchoro haukuwapo, na nilipaswa kuuliza kwa nini watu kumi na wawili wafagie siku nyingi hivyo. Tafadhali nipe tarehe mchoro ulipopelekwa kusainiwa, na tarehe uliporudi."

Tarehe ya kwanza ilikuwa kwenye daftari la kupokelea barua, na pembeni yake saini ya Meneja ya kuupokea, nzuri, yenye mkia. Tarehe ya pili haikuwapo. Mchoro haukuwa umerudi.

Msaidizi ikaandika ripoti ya pili. Ilisema siku zote thelathini na saba zilipotea mezani pa Meneja. Chini yake iliongeza: "Kwa nini hakusaini, silijui. Sikuliandika."

Mama Ratiba aliipandisha ripoti ghorofani kwa miguu yake. Meneja alikuwa ametoka. Juu ya meza yake ripoti ya kwanza ilikuwa imekwisha kupigwa muhuri, na wino umekauka.

Jumanne asubuhi, siku ya kwanza kati ya zile zilizopotea ilifika getini.

Mlinzi alikuwa mama mnene mwenye kalamu mbili, moja ya bluu kwa wageni na moja nyekundu kwa wasumbufu. Aliiona siku inakuja upande wa barabara, mwanga mrefu wenye ukubwa wa godoro la watu wawili lililosimamishwa, rangi yake ile ya saa nne asubuhi. Ilikuwa Alhamisi. Ndani yake ilisikika mifagio.

"Simama hapo," alisema. "Jina?"

Akaandika Alhamisi kwa kalamu ya bluu. Mahali pa kuandika inakotoka aliandika mwezi uliopita. Kisha akachukua kofia ya wageni. Siku haina kichwa, lakini sheria ya saiti ni sheria, kwa hiyo aliiweka juu ya mwanga, nayo ikakaa.

"Unakwenda kwa nani?"

Alhamisi ilishapita. Ilivuka uwanja, ikaingia jengo la utawala, ikapanda ngazi bila kuhema, kwa kuwa ilikuwa haijatumika, na ikasimama katika ofisi ya Meneja karibu na kabati la mafaili. Saa tatu ilifika Ijumaa. Saa tatu na nusu ilifika Jumatatu iliyokuwa na upepo.

Mama Ratiba alipita getini akiwa na chupa ya chai. "Zinatafuta nini?"

"Mimi nitajuaje, dada? Labda zimesikia zinatajwa." Mlinzi alihesabu kofia zilizobaki. "Mwambie Meneja wageni wake watanimalizia kofia."

Kwenye kompyuta Msaidizi iliandika: "Siku tatu zimeripotiwa kufika. Ziko ghorofa ya juu, upande wa mashariki. Niziingize kwenye ratiba kama zilizopatikana?"

"Hapana," Mama Ratiba alijibu. "Hakuna kazi iliyofanyika ndani yake."

"Sawa. Nimeziandika kama zilizopo."

Kufikia Alhamisi adhuhuri zilikuwa zimetimia thelathini na saba. Ofisi ya Meneja ilijaa saa nne za asubuhi, na yeye alivaa miwani ya jua akiwa ndani. Ile Jumanne moja iliyokuwa na mvua ilisimama dirishani na kunyesha taratibu, upana wa hatua mbili. Siku ya kwanza mvua ililowesha zulia. Siku ya pili Meneja alileta chungu cha ua lililokuwa linakauka koridoni, akakiweka chini yake. Mtu mbaya asingeliona ua lile.

Mama Ratiba aliingia na ripoti ya pili, akapita upande kati ya Jumatano mbili.

"Samahani kwa msongamano," Meneja alisema. "Nimewaambia wasogee, lakini hawasikii. Goti?"

"Lipo. Mheshimiwa, ripoti ya kwanza ina kosa, na kosa ni langu na la Msaidizi. Hii ndiyo sahihi."

Meneja aliisoma yote. Alikuwa mtu wa kusoma. Kisha alifungua droo ya chini, akautoa mchoro wa nondo, akauweka juu ya meza. Kingo zake zilikuwa zimelainika kwa kushikwashikwa.

"Kila asubuhi niliufungua," alisema. "Kila jioni niliufunga. Zamani, nikiwa kijana, niliwahi kusaini mchoro wenye kosa. Hakufa mtu. Lakini nilisikia ule mlio wa zege likipasuka. Hii ni wodi ya wazazi, Mama Ratiba. Nilitaka niwe na uhakika."

"Nakuelewa."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Basi sema hivyo kesho. Sema ulikuwa unahakikisha. Hakuna atakayekula nyama yako. Mzee Timazi na watu wake kumi na mmoja watabaki."

Meneja alitazama zile siku moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta mtu anayemfahamu katika umati. Mifagio ilifagia ndani yake. Hatimaye alisema, "Ripoti ya kwanza nimeshaipiga muhuri," akaurudisha mchoro kwenye droo, kwa upole, kama mtu anayemlaza mtoto.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, Mama Ratiba alimfuata Mzee Timazi bombani alikokuwa akiosha mikono.

"Kesho nataka uje kwenye kamati. Useme mlikaa."

"Hilo neno silisemi."

"Mzee."

"Niite utakavyo. Nimelikwepa tangu kabla hujajua kuvaa viatu vyenye kamba."

"Ukisema mlifagia, watasema mlikuwa na kazi. Ukisema mlikaa mkisubiri mchoro, ndiyo kweli yenyewe. Nami nitakuwa pembeni yako na karatasi."

Mzee Timazi alifunga bomba, akalifungua tena, akalifunga vizuri zaidi. "Wale vijana wangu wana watoto," alisema mwishowe. "Nitakuja. Lakini nitavaa shati la kola."

Ijumaa kamati ilikaa ofisini kwa Meneja, kwa sababu chumba cha mikutano kilikuwa kinapakwa rangi. Wajumbe walikuwa watatu. Mwenyekiti, mama mwenye sauti ya taratibu, aliomba mvua isimame mbali na mafaili, na karani akakisogeza chungu, Jumanne ikakifuata. Kwenye kumbukumbu karani aliandika: waliohudhuria ni wajumbe watatu, Meneja, mtayarisha ratiba, msimamizi wa mafundi, na siku thelathini na saba.

"Wageni hawa wana la kusema?" Mwenyekiti aliuliza.

Walingoja kidogo. Ilisikika mifagio tu.

"Basi tuendelee."

Meneja alisoma ripoti ya kwanza. Alisoma haraka, macho chini. Mama Ratiba alisimama akasema ripoti ile ina kosa, akaeleza kosa lenyewe kwa maneno machache, akagawa ya pili. Mjumbe mmoja alitaka kujua iweje programu ileile itoe majibu mawili.

"Mara ya kwanza niliipa nusu ya habari," Mama Ratiba alisema. "Mara ya pili niliipa yote. Hata mimi mkinipa nusu ya habari nitawajibu nusu."

"Na nusu nyingine iko wapi?"

"Imesimama nyuma yako, ndugu mjumbe. Umeiegemea."

Mjumbe aligeuka, akamwomba radhi Alhamisi, akasogeza kiti.

Ndipo Mzee Timazi alipoinuka. Shati lake la kola lilikuwa limepigwa pasi hadi mikunjo ikasimama yenyewe. Alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Waheshimiwa, kwenye daftari niliandika tumefagia. Tulifagia. Lakini tulifagia kwa sababu mchoro haukuja, na bila mchoro fundi hawezi kumwaga zege. Kwa hiyo ukweli ni kwamba siku thelathini na saba," akaigeuza kofia mikononi, "tulikaa."

Mifagio ilinyamaza. Katika siku zote thelathini na saba, kwa mara ya kwanza, hapakusikika kitu ila ile mvua ndogo. Mama Ratiba aliweka kiganja chake kwenye mgongo wa mzee, palipokuwa pameloa jasho.

"Asante kwa kuwa mkweli," Mwenyekiti alisema, na alimaanisha. "Karani, umeandika?"

"Nimeandika. Msimamizi amekiri kwamba walikaa."

"Wakisubiri mchoro," Mama Ratiba alisema. "Malizia sentensi."

"Hilo litakuwa kwenye kiambatisho."

"Kiambatisho kinasomwa na nani?"

"Dada yangu," Mwenyekiti alisema kwa upole, "tuna ripoti moja yenye muhuri, nyingine haina. Na mwenyewe amekiri. Ulitaka tuandike nini?"

Meneja alikuwa amevua miwani ya jua. Ilionekana kama atasema neno. Alichukua bilauri akanywa maji.

Kamati ilipitisha ripoti ya kwanza kabla ya saa saba. Ya pili ilibanwa nyuma yake kwa pini moja.

Alasiri Mzee Timazi alikusanya watu wake, akawaambia yaliyotokea bila kuongeza chumvi. Mmoja alilaani, mzee akamwambia asiseme hivyo mbele ya nguzo alizozisimamisha mwenyewe. Kisha walichukua mifagio wakafagia saiti nzima, kuanzia getini hadi ukuta wa wodi ya zamani, wakapanga fagio zote kichwa juu. Mlinzi aliwafutia majina yao kwenye daftari lake kwa kalamu ya bluu. Hakugusa nyekundu.

Mzee Timazi alipita kontena mwisho wa yote. Alitoa kile kitambaa cha kijani, akakikunja mara nne, akakiweka mezani karibu na kompyuta.

"Hiki hakifai kwangu nyumbani," alisema. "Nyumbani hatuvai kofia."

"Mzee, nimekusemesha neno ulilolikwepa miaka yote, na halikukusaidia."

"Lilikuwa kweli?"

"Kweli tupu."

"Basi halijapinda." Alifumba jicho moja akautazama mlango wa kontena. "Ila huu mlango wako umeinama kushoto. Umwambie atakayekuja."

Mchoro wa nondo ulisainiwa Jumatano iliyofuata, na slabu ikamwagwa na mikono mipya. Mchoro wa ngazi ukapelekwa kwa Meneja, akatia saini ya kuupokea, akaufungia kwenye droo ya chini ili auangalie vizuri.

Zile siku hazikuondoka. Mifagio ndani yake ilirudi Jumatatu, na Meneja akaizoea, kama mtu anavyomzoea jirani mwenye mashine ya kusaga. Wafanyakazi walianza kukausha miavuli yao kwenye zile siku zilizokuwa na jua kali. Ua la dirishani lilistawi likatoa vichipukizi vitatu, na kimoja Meneja alimpelekea Mama Ratiba kontena, ndani ya kopo. Mama Ratiba alimshukuru, akakimwagilia. Ua halikuwa na kosa.

Kila Ijumaa saa tisa kamili, Mama Ratiba aliituma tena ripoti ya pili kwa kamati. Msaidizi ilimtayarishia barua, na kila barua ilikuwa na majina kumi na mawili yameandikwa kwa ukamilifu. Baada ya wiki ya sita Msaidizi iliuliza kama ingependeza kubadili maneno kidogo, kwa kuwa barua zote zimepokelewa na hakuna iliyojibiwa.

"Usibadili kitu," alijibu. "Ongeza nambari tu."

Wiki ya tisa, msimamizi mpya wa mafundi aliingia kontena jioni akiwa na daftari la saiti chini ya kwapa. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti nzito, mchapakazi, na mlango wa kontena alikuwa ameshaunyoosha. Watu wake walikuwa wamemaliza siku ya nne bila ngazi ya kujenga. Mkononi alikuwa na fagio.

"Mama, naandika nini leo? Nimeona waliotutangulia waliandika tumefagia. Naona ni neno la heshima."

Mama Ratiba alimvutia kigoda. Alichukua kofia ya yule mwanamke, iliyojaa vumbi, akaanza kuifuta kwa kitambaa cha kijani.

"Andika mmekaa," alisema.

"Jamani! Watatuita wavivu."

"Watawaita. Andika mmekaa, uandike mnasubiri mchoro gani, na uko mezani kwa nani. Sentensi nzima, mstari mmoja, asipatikane mtu wa kuikata katikati. Halafu utie saini, nami nitie."

Yule mwanamke alitazama penseli. Mama Ratiba akampa kalamu ya wino.

Aliandika polepole, ulimi ukitokeza pembeni ya mdomo. Wakatia saini wote wawili. Mama Ratiba akaupiga picha ukurasa, akaipa Msaidizi, kisha akamrudishia mwenzake kofia ikiwa inang'aa.

Asubuhi, mlinzi wa getini aliona mwanga unakuja barabarani, rangi ya saa nne, nao haukuwa na mlio wa fagio hata mmoja. Ndani yake walionekana watu wameketi wazi kabisa juu ya matofali, mikono magotini, wakisubiri. Akafungua ukurasa mpya. Kofia za wageni zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo aliivua yake, akaiweka juu ya siku ile, akaionyesha ngazi za kupandia kwa Meneja.